Maziwa Yetu ya Asili (2): Maji ya Bara Huishia Bahari Gani?

Wiki iliyopita tuliyatenga maziwa ya asili na mabwawa kama Mtera na Nyumba ya Mungu, ambayo ni mito iliyozuiwa na binadamu. Leo tuyafuate maji yenyewe.

Tuanzie sokoni Kariakoo. Anayetaka dagaa huulizwa kwanza: wa Mwanza au wa Kigoma? Wengi hudhani tofauti ni ya ukaushaji tu. La hasha. Dagaa wa Kigoma ni wa ukoo mmoja na dagaa wa baharini. Yule wa Mwanza ni jamii ya ningu. Kila mmoja ni mtoto wa ziwa lake.

Ziwa Tanganyika limelala ndani ya Bonde la Ufa, mahali ardhi ilipopasuka na kudidimia kwa mamilioni ya miaka. Kina chake kinafika mita 1,470 hivi; duniani linazidiwa na Baikal la Urusi peke yake. Huko chini hakuna oksijeni, kwa hiyo samaki huishi tabaka la juu, na dagaa hupanda usiku kufuata vijidudu. Ndiyo maana wavuvi wa Kigoma huvua kwa taa, gizani. Victoria ni kubwa zaidi kwa eneo, ila kina chake ni mita 80 tu, kwa kuwa limetandaa katika beseni lililo kati ya matawi mawili ya ufa. Miaka 15,000 hivi iliyopita lilikauka.

Maji ya Victoria hutokea Jinja, yakafuata Nile hadi Mediterania. Ya Tanganyika hupita Lukuga, yakaingia Mto Kongo na kumwagika Atlantiki. Kati ya maziwa haya makubwa, ni Nyasa pekee, kwa njia ya Shire na Zambezi, linaloleta maji yake katika bahari hii tunayoivuka kwa kivuko pale Magogoni.

Natron, Eyasi, Manyara na Rukwa hayana mto wa kutokea. Jua hunyonya maji, chumvi ikabaki. Magadi tunayotia kwenye maharage ni ya aina hiyo. Heroe wadogo huzaliana Natron kuliko popote duniani. Lakini ziwa lisilo na mlango hubaki na kila kinacholetwa na mito: udongo, mbolea, sumu za mashambani. Kwa hiyo haya manne yanastahili ulinzi mkali kuliko yale makubwa.

Juma lijalo, tukijaaliwa, tutapanda Ngozi na Chala, maziwa ya volkano.