Betri Inayokufa Usiku Gari Likiwa Limelala

Wako wenye magari wengi ambao asubuhi hutia ufunguo na kusikia stata ikilia mlio mmoja mdogo, kisha kimya. Jana yake jioni gari lilifika nyumbani bila shida. Taa zilizimwa, milango ikafungwa, na betri yenyewe haijatimiza hata mwaka mmoja. Ikiwa gari hilo ni pikapu ya kupelekea maziwa, kuchelewa saa mbili kwaweza kuwa hasara ya maziwa yote ya siku hiyo. Basi mwenyewe huita vijana wa jirani walisukume, na akifika mjini hununua betri mpya. Baada ya siku chache ile mpya nayo hufa vile vile.

Yafaa ifahamike kwamba betri inayokufa si lazima iwe mbovu. Mfano wake ni tangi la maji. Tangi huwa tupu kwa sababu halijazwi vya kutosha, au kwa kuwa limetoboka lenyewe, au kwa kuwa uko mfereji mahali fulani ulioachwa wazi. Kununua tangi jipya hakuufungi mfereji.

Sababu mbili za kwanza hupimwa upesi kwa mita ya umeme. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiisha kupumzika saa kadhaa, huonyesha karibu volti 12.6, ikionyesha 12.2, imebaki kama nusu. Injini ikiwa yazunguka, kwa kawaida mita hupanda mpaka kati ya 13.8 na 14.5. Isipopanda, altaneta haijazi, au pengine mkanda wake umelegea tu. Kisha betri ijazwe, ifunguliwe waya wake na kuachwa hivyo usiku kucha. Ikishuka sana peke yake, hiyo ndiyo mbovu. Lakini ikidumu na nguvu zake ilipofunguliwa, na kufa inapofungwa garini, hapana shaka kimo kitu humo garini kinachoinyonya.

Kila gari la siku hizi hutumia umeme kidogo hata likiwa limezimwa, kwa ajili ya saa, redio, king'ora cha kuzuia wezi na kompyuta zake. Katika magari mengi kiasi hicho hakizidi ampea 0.05, na betri nzima hukivumilia kwa majuma kadhaa. Lakini fikiria taa ndogo ya wati 5 iliyo ndani ya buti, ambayo swichi yake imekwama. Taa hiyo hula ampea 0.4 hivi, yaani karibu ampea-saa 10 kwa siku. Betri ya ampea-saa 45 ikiachwa Ijumaa jioni, Jumatatu alfajiri imepoteza zaidi ya nusu, wala haina tena nguvu za kuizungusha stata. Na hakuna aliyeiona taa ikiwaka, kwa kuwa buti ilikuwa imefungwa.

Kumtafuta mwizi huyu si kazi ngumu, ila yataka saburi. Kila kitu garini kizimwe na ufunguo utolewe. Mlango ulio karibu na sanduku la fyuzi uachwe wazi, lakini kitasa chake kisukumwe kwa bisibisi mpaka gari lidhani kwamba mlango umefungwa. Mita iwekwe kwenye kipimo cha ampea 10. Waya wa hasi ufunguliwe kwenye betri, na mita iunganishwe kati ya waya huo na ncha ya betri, hata umeme wote upite ndani ya mita. Tangu hapo mtu asijaribu kuwasha injini wala taa kubwa, maana mita itaungua fyuzi yake. Moto wa sigara nao uwe mbali, kwa kuwa betri iliyotoka kujazwa hutoa hewa iwakayo.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mita huonyesha ampea nyingi mwanzoni, nao hudhani wamemkamata mwizi. Kumbe kompyuta za gari hazilali mara moja. Nyingine huchukua nusu saa, au zaidi. Yapasa kungoja mpaka namba itulie. Ikitulia juu ya kile kiasi kidogo kilichotajwa, fyuzi zichomolewe moja moja, zile za chini ya boneti zisisahauliwe. Fyuzi ambayo ikitolewa namba huanguka, ndiyo inayoonyesha njia ya kufuata.

Yawezekana fyuzi zote zikatolewa na namba isishuke. Hapo vitazamwe vitu vilivyoongezwa baada ya gari kununuliwa: vikuza sauti vya muziki, ving'ora, vifaa vya kufuatilia gari, na vidhibiti mwendo, ambavyo Kenya ililazimisha katika magari ya abiria mwaka 2004. Ubaya mara nyingi hauko katika kifaa chenyewe, bali kwa fundi mwenye haraka aliyekiunga kwenye waya usiozimwa na ufunguo.

Kisha iko altaneta. Ndani yake mna daiodi, ambazo hupitisha umeme kwenda kwenye betri na kuuzuia usirudi. Daiodi ikiharibika, umeme hurudi usiku kucha. Dalili moja ni altaneta kuwa na joto saa nyingi baada ya injini kupoa. Magari ya miaka ya 1950 yaliyokuwa na dinamo yalipatwa na ugonjwa huo huo, pale swichi ya kukata umeme ilipogandamana.

Kosa likiisha kutengenezwa, mita irudishwe na namba itazamwe tena. Betri nayo ijazwe polepole kwa mashine usiku mzima, kwani safari fupi ya sokoni haiijazi. Betri iliyoachwa tupu kwa majuma mengi, bamba zake hugandwa na chumvi ngumu, na hiyo ndiyo kweli ya kubadilishwa.