Dawa Inayoilinda Dawa

Anayeandikiwa vidonge vya amoksilini vyenye asidi ya klavulaniki humeza dawa mbili zenye kazi tofauti. Amoksilini huua bakteria. Asidi ya klavulaniki, ikiwa peke yake, ni dhaifu mno; kazi yake ni kuilinda amoksilini isiharibiwe.

Amoksilini ni ya ukoo wa penisilini. Dawa za ukoo huu humzuia bakteria kujenga ukuta wake, naye hupasuka na kufa. Nguvu ya dawa hizi imo katika pete ya atomu nne iitwayo beta-laktamu. Baadhi ya bakteria sugu hutoa kimeng'enya kinachoikata pete hiyo kama mkasi. Wanasayansi Abraham na Chain walikieleza kimeng'enya cha aina hii mwaka 1940, hata kabla penisilini haijaenea hospitalini.

Jibu lilipatikana udongoni. Katika miaka ya 1970, watafiti wa kampuni ya Beecham ya Uingereza waliipata asidi ya klavulaniki kutoka kwa bakteria wa udongo, Streptomyces clavuligerus. Nayo ina pete ya beta-laktamu, lakini kimeng'enya kikiikata hunasa papo hapo, na amoksilini hupata nafasi ya kufanya kazi. Mchanganyiko huo uliingia sokoni Uingereza mwaka 1981.

Baadaye vikaenea vimeng'enya ambavyo asidi hiyo haivizuii. Wanakemia wakaunda kinga mpya, avibaktamu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 pamoja na antibiotiki ya seftazidimu. Hata hivyo kimeng'enya kiitwacho NDM, kinachotumia madini ya zinki kukata pete, hakizuiliki kwa avibaktamu. Ndipo Ulaya, mwaka 2024, ikaidhinisha avibaktamu pamoja na antibiotiki ya aztreonamu: NDM haiwezi kuiharibu aztreonamu, na avibaktamu huikinga dhidi ya vimeng'enya vingine ambavyo bakteria wenye NDM huwa navyo.

Kila kinga mpya, basi, hufaa kwa muda tu, na urefu wa muda huo uko mikononi mwetu pia. Mtu akimeza antibiotiki kwa mafua, ugonjwa wa virusi, haponi upesi. Bakteria dhaifu mwilini mwake hufa, na walio sugu hubaki wakizaliana. Mwaka 2019 usugu huu uliua moja kwa moja watu takriban milioni 1.27 duniani.

Usinunue antibiotiki bila cheti cha daktari. Penye uwezekano, omba vimelea vioteshwe maabara ili ijulikane dawa inayofaa. Meza dozi kama ulivyoelekezwa, wala usimgawie mwenzako.