Waya wa Antena Nyumbani

Mama mpendwa, tangu runinga ianze Tanzania Bara mwaka 1994, nguzo za antena zimeota Kibaha hadi Kisarawe. Picha ikikatikakatika, kagua waya kwanza. Wa redio ya upepo ni omu 50. Wa runinga ni omu 75. Chagua wenye wavu mnene chini ya ganda. Ule mwembamba wa bei ya chee hupoteza mawimbi njiani. Ziba viungo vya nje. Maji yakipenya, waya umekufa.

Lakini mimi muuguzi naogopa zaidi ile nguzo. Bomba la chuma likigusa nyaya za umeme huua papo hapo. Kijana wako asiisimamishe peke yake, na iwe mbali na nyaya kupita urefu wake yenyewe. Wakati wa masika, chomoa waya kabla ngurumo hazijakaribia.