Maua Yaliyochongwa Kwenye Tumbawe

Kwenye magofu ya Kunduchi, wilayani Kinondoni, yapo makaburi ya nguzo ya karne ya 18 yaliyopachikwa bakuli za Kichina, na ni rahisi kuhitimisha kwamba pwani ilinunua urembo wake kwa wageni. Sikubaliani. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una kibla chenye maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Ncha za herufi zimechipua majani yanayojikunja, yakiwa yamechongwa kwenye tumbawe laini.

Wapo watakaosema mtindo huo ni wa Siraf, bandari ya Uajemi. Kweli, unafanana sana. Lakini tumbawe huchongeka vizuri likiwa bichi, limetoka baharini punde. Likikauka huwa gumu. Hata kama aliyeshika patasi alikuwa mgeni, alihitaji watu wanaoijua bahari hii na mawe yake. Na Siraf nayo iliazima. Mwaka 1893 mwanahistoria wa sanaa Alois Riegl alionyesha kwamba nakshi za majani za Kiislamu zilikua kutokana na zile za kale za Wagiriki na Warumi. Ukitazama Ara Pacis, madhabahu ya marumaru iliyozinduliwa Roma mwaka 9 KK, utaona mashina yakizunguka na kuzaa maua ambayo mtunza bustani hatayapata popote (huko nako, mafundi walifuata Wagiriki). Nako Kizimkazi, msikiti ulipojengwa upya karne ya 18, wajenzi waliyabakiza mawe yale ya zamani ukutani.