Dk. Osborne, Mpemba na Swali Litakalokukuta TP

Orodha ya TP ikibandikwa ubaoni, wengi wetu wa kitivo cha elimu tunatafuta kitu kimoja tu: nimepangiwa wapi? Aliyepata Shinyanga mjini anashukuru Mungu. Aliyetupwa shule ya kata huko Kakola au Nyarugusu anaanza kuulizia namna ya kubadilishiwa. Baada ya hapo ni hesabu za boom, nauli na kukusanya madesa ya kufundishia. Lakini kuna jambo halimo kwenye desa lolote: utafanya nini siku mwanafunzi akikuuliza swali ambalo huna jibu lake?

Kuna mwalimu wa chuo kikuu aliyekutana na swali la namna hiyo hapa hapa Tanzania, na namna alivyolipokea ndiyo iliyofanya jina la kijana wa Kitanzania liingie kwenye vitabu vya fizikia. Mwalimu huyo ni Dk. Denis Osborne.

Osborne alikuwa mwanafizikia Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1932. Alifundisha Ghana, kisha akaja kufundisha fizikia Dar es Salaam katika miaka ya 1960, wakati chuo chetu cha Mlimani kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Baadaye aliingia utumishi wa serikali ya nchi yake, na kuanzia 1987 hadi 1990 alikuwa balozi wa Uingereza nchini Malawi. Alifariki mwaka 2014. Kwa kazi zote hizo, anakumbukwa zaidi kwa swali aliloulizwa Iringa.

Siku moja alialikwa kuzungumza na wanafunzi wa Shule ya Sekondari Mkwawa, ambayo leo ni chuo kikuu kishiriki cha elimu. Muda wa maswali ulipofika, kijana mmoja, Erasto Mpemba, akasimama. Akauliza: ukichukua maji ya vipimo sawa, moja la nyuzijoto 35 na jingine la nyuzijoto 100, ukayaweka pamoja kwenye friji ya kugandisha, yale ya moto ndiyo yanatangulia kuganda. Kwa nini?

Wenzake walicheka, maana swali hilo walilijua. Mpemba alikuwa nalo tangu 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Tanga. Walikuwa wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unachanganya na sukari, unasubiri yapoe ndipo unaweka kwenye friji. Siku hiyo nafasi ilikuwa ndogo, na yeye akaogopa kukosa. Akaweka yake yakiwa bado ya moto, na ndiyo yakatangulia kuganda kuliko ya mwenzake ambaye hakuchemsha kabisa. Alipomuuliza mwalimu wake, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa akauliza tena, mwalimu mwingine akamjibu kwamba hiyo ni fizikia yake mwenyewe Mpemba, siyo ya dunia. Tangu hapo, akikosea kitu chochote, darasa zima lilimtania hivyo hivyo.

Sasa mtazame Osborne. Naye hakuamini. Lakini hakumcheka kijana wala hakuzua jibu la kulinda heshima yake. Alimuuliza kama kweli amelijaribu, kisha akaahidi kwamba akirudi Dar es Salaam atalijaribu mwenyewe. Na alilijaribu kweli. Fundi wa maabara aliyepewa kazi hiyo akarudi na taarifa kuwa maji ya moto yametangulia, ila akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Walirudia, na matokeo hayakubadilika.

Mwaka 1969 andiko lao lilitoka katika jarida la Physics Education, likiwa na majina mawili: Mpemba na Osborne. Profesa angeweza kuandika peke yake na kumshukuru kijana kwa mstari mmoja chini ya ukurasa. Hakufanya hivyo.

Je, ubishi umeisha? Bado. Wapo wanaosema sababu ni maji ya moto kupungua kwa kugeuka mvuke, au mzunguko wa maji ndani ya chombo, au hewa iliyoyeyuka ndani yake. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya na kutilia shaka kama jambo lenyewe lipo kwenye maji. Mwaka 2020 watafiti wa Kanada wakaonyesha katika jarida la Nature kwamba chembe ndogo sana zilizoanza na joto kubwa zinaweza kweli kupoa mapema kuliko za joto dogo. Swali la kijana wa aiskrimu bado linawakosesha watu usingizi.

Turudi Kanda ya Ziwa. Mtoto wa Geita amekua akiona karasha likisaga mawe, baba akiosha mchanga kwenye karai, zebaki ikikamata dhahabu, kisha tonge likichomwa nyuma ya nyumba. Atakuuliza: mbona dhahabu inabaki chini? Zebaki inapochomwa inakwenda wapi? Ukimjibu "hilo halimo kwenye silabasi", umemfanyia yale yale ya Magamba.

Majibu yapo. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji ya ujazo ule ule, wakati mawe ya kawaida hayafiki hata mara tatu, kwa hiyo maji yanasukuma mchanga na dhahabu inatulia. Zebaki nayo haipotei. Inachemka kwenye nyuzijoto 357, inakuwa mvuke usioonekana, unavutwa na waliopo, halafu inapoa na kurudi kuwa matone kwenye bati na kuta. Inaharibu ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Usipeleke zebaki darasani hata kidogo. Chemsha maji tu, funika na mfuniko wa baridi, waonyeshe matone. Mtoto atakayeelewa hapo ndiye atakayemwambia mama yake asogee mbali na moto ule, mdogo wake akiwa mgongoni.

Na kwa swali usilolijua, sema hujui, andika jina la aliyeuliza, kisha mkalijaribu au kulitafuta pamoja. Hilo halihitaji maabara wala boom.