Kusoma Umeme wa Moyo: Kilele Kinapopanuka

Mgonjwa amelazwa kitandani. Nyaya nne zimefungwa mikononi na miguuni mwake, na nyingine sita zimebandikwa kifuani. Mashine inavuma kidogo, na karatasi yenye miraba midogo inatoka polepole ikiwa imechorwa mawimbi. Tabibu anaitazama, kisha anakunja uso: vilele ambavyo kwa kawaida huwa vyembamba kama sindano, leo vimekuwa vipana. Je, huu ni ugonjwa, ni sumu, au ni umbile tu la mtu huyu? Jibu la swali hilo laweza kuamua iwapo mgonjwa atapona.

Chombo hiki huitwa elektrokadiografu. Aliyekiwezesha kutumika kwa uhakika ni Willem Einthoven, profesa wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, mwanzoni mwa karne ya 20. Ndiye aliyeyapa mawimbi ya moyo herufi P, Q, R, S na T, zinazotumika hadi leo duniani kote, na kwa kazi hiyo alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1924.

Ili kuelewa kilele kipana, yatupasa kwanza tujue kile cha kawaida. Umeme wa moyo huanzia katika kituo kidogo kilicho juu ya chumba cha juu cha kulia. Ukienea katika vyumba vya juu, huchora wimbi P. Kisha hufika katika kituo cha katikati, kilichoelezwa na Sunao Tawara wa Japani mwaka 1906, na hapo hucheleweshwa kidogo ili vyumba vya chini vipate kujaa damu. Baadaye hushuka kwa kifungu cha His, hugawanyika katika matawi mawili, la kulia na la kushoto, na kumalizikia katika nyuzi za Purkinje. Kwa kuwa njia hizo hupitisha umeme upesi sana, vyumba vya chini huamka karibu kwa wakati mmoja. Mwamko huo ndio unaochora QRS.

Karatasi hukimbia milimita 25 kwa sekunde, hivyo kila mraba mdogo ni sekunde 0.04. QRS ya mtu mzima mwenye afya kwa kawaida haizidi sekunde 0.10, yaani miraba miwili na nusu. Ikifikia miraba mitatu, yaani sekunde 0.12, huhesabiwa kuwa pana. Maana yake ni moja: umeme umechelewa kuenea. Ni kama mjumbe aliyeacha barabara kuu akapita vichakani. Ujumbe utafika, lakini kwa kuchelewa. Sababu za kuchelewa huko, hata hivyo, ni nyingi.

Huenda tawi moja halipitishi umeme. Likiwa la kulia, waya wa kwanza wa kifuani mara nyingi huonyesha vilele viwili vilivyosimama kama masikio ya sungura, na hali hii yaweza kuonekana hata kwa mtu asiye na ugonjwa wowote. Likiwa la kushoto, tabibu hana budi kutafuta zaidi, kwa maana mara nyingi huambatana na shinikizo la damu la muda mrefu au udhaifu wa msuli wa moyo.

Pengine pigo limezaliwa katika vyumba vya chini vyenyewe, kabla ya zamu yake. Hapo wimbi P halitangulii, na baada ya pigo hilo moyo hutua kidogo.

Sababu nyingine ilielezwa mwaka 1930 na Louis Wolff, John Parkinson na Paul Dudley White. Baadhi ya watu huzaliwa na njia ya mkato inayokikwepa kituo cha katikati. Muda kati ya P na QRS hufupika, na mwanzo wa QRS huwa na mteremko mfano wa kilima. Watu hawa wengi ni vijana wenye afya, lakini moyo wao waweza kuanza kwenda mbio ghafla.

Ya kuogofya zaidi ni potasiamu kuzidi katika damu, hasa figo zinaposhindwa kazi. Mara nyingi kwanza wimbi T huchongoka, kisha P hufifia, halafu QRS hupanuka hadi mchoro ufanane na mawimbi ya bahari; baada ya hapo moyo waweza kusimama. Hali kadhalika, klorokwini, iliyokuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini Tanzania hadi mwaka 2001, huweza kuipanua QRS ikinywewa kupita kiasi. Potasiamu inapodhaniwa, tabibu hangojei majibu ya maabara: kalsiamu hupewa mshipani ili kuukinga moyo, kisha insulini pamoja na glukosi ili kuirudisha potasiamu ndani ya seli.

Basi msomaji wa mchoro huu hufuata utaratibu. Humtazama mgonjwa kwanza: ana fahamu? Shinikizo lake likoje? Ndipo huhesabu kasi, hutafuta wimbi P, hupima upana, na mwisho hulichunguza umbo. Iwapo mapigo ni mapana na ya mbio, huyachukulia kuwa yametoka vyumba vya chini hadi ithibitishwe vinginevyo, kwa kuwa kukosea upande huo ni salama zaidi. Dawa kama verapamil, ikitolewa kwa kukisia, yaweza kumwangusha mgonjwa.

Limebaki jambo moja, nalo lamhusu kila raia. Hakuna kinachomsaidia tabibu kama mchoro wa zamani wa mgonjwa yuleyule. QRS iliyokuwa pana miaka kumi iliyopita ni habari moja. Iliyopanuka tangu jana ni habari nyingine kabisa. Ndugu msomaji, ukipata kupimwa moyo, omba nakala ya karatasi hiyo na uihifadhi pamoja na cheti chako cha hospitali. Huenda siku moja ikazungumza kwa niaba yako, wakati wewe mwenyewe huwezi.