Kioo cha Pikipiki na Kelele ya Upepo

Watu wengi hudhani kwamba kelele imsumbuayo mwendesha pikipiki hutoka katika injini. Lakini katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, aghalabu kelele kubwa zaidi ndani ya helmeti ni ile ya upepo. Je, kioo cha mbele chaweza kuizuia?

Mwaka 1883 Osborne Reynolds, mwanasayansi wa Manchester, Uingereza, alipitisha rangi katika maji yaliyotiririka ndani ya bomba la kioo. Maji yalipokwenda polepole, rangi ilinyooka kama uzi; yalipoongezewa mwendo, uzi ulivurugika ukawa vizingia. Hewa nayo hufanya vivyo hivyo. Vizingia hubadilisha kanieneo ya hewa ghafula ghafula, na mabadiliko hayo ndiyo sikio huyasikia kuwa mngurumo.

Kioo hakiuondoi upepo, bali huupandisha. Nyuma yake hewa hupoa, juu yake huenda kasi, na katika mpaka wa hewa hizo mbili huzaliwa vizingia. Kioo kifupi huupitisha mpaka huo kifuani, kichwa kikabaki katika hewa isiyovurugika. Kioo kirefu huupitisha juu ya helmeti. Kibaya ni kile cha kati, ambacho vizingia vyake humpiga dereva kichwani. Huyo aweza kusikia kelele kubwa kuliko asiye na kioo kabisa. Kadhalika, kanieneo hupungua nyuma ya kioo; nafasi ndogo ikiachwa chini yake, hewa hupenya na msukosuko hupungua.

Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili kwa feni, kipande cha ubao na utepe wa karatasi. Utepe ukishikwa nyuma ya ukingo wa ubao hutikisika mno. Ukishushwa mbali na ukingo, mtikisiko hupungua.

Jambo hili si la starehe tu. Wataalamu wa afya kazini hushauri kwamba kelele ya desibeli 85 isizidi saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo ukatwe nusu. Basi kwa desibeli 100 muda ni dakika 15 tu. Katika barabara kuu, kelele ndani ya helmeti huweza kupita desibeli 90. Na chembe za kusikia zikishakufa, hazioti tena. Hivyo basi, dereva wa safari ndefu hana budi kuchagua kioo kinacholingana na kimo chake, tena avae vizibo vya masikio. Kioo huhamisha msukosuko. Vizibo hulinda sikio.